Kamera ipi, kwa hadithi ipi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watengeneza filamu wa Mtwara na Lindi

Ninashuti harusi, ngoma na filamu fupi huku kusini, na Jumamosi huwa ninakaa na vijana wanaotaka kujifunza kazi hii hapa Mtwara mjini. Maswali yaliyo chini ndiyo ninayoulizwa karibu kila wiki, mengine kwa simu kutoka Masasi, Nachingwea na Kilwa Masoko. Nimeyaandika ili nisiyajibu vipandevipande tena.

Kaka, nina milioni moja na nusu. Ninunue kamera gani?

Kabla sijataja kamera yoyote, niambie hadithi yako inakwama wapi.

Kijana mmoja wa Newala alinijia akitaka kamera ya kubadilisha lenzi. Filamu yake inamhusu bibi yake, ambaye husimulia ngano barazani usiku, mwanga wake ukiwa taa moja ya sola iliyotundikwa mlangoni. Alikuwa amemshuti kwa simu, picha yote chenga, macho ya bibi hayaonekani. Huyo alikwama kwenye mwanga. Kwake nilisema ndiyo: tafuta kamera iliyotumika yenye sensa (kile kibapa cha ndani kinachopokea mwanga) kubwa kuliko ya simu, na lenzi moja ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 (namba ikipungua, tundu ni pana zaidi na mwanga unaingia mwingi), ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kuliko zote.

Dada mmoja wa Mikindani alitaka kamera ileile kwa sababu ameiona YouTube. Filamu yake ni ya akina mama wachuuzi wa samaki, asubuhi, jua limeshatoka. Tatizo lake ni kwamba kila akitoa kamera akina mama wanaacha kazi, wanajifunga vizuri khanga na kujipanga wapigwe picha. Alikwama kwenye ukubwa wa kifaa. Kamera kubwa zaidi ingemharibia kabisa. Nilimwambia abaki na simu yake, pesa aziweke kwenye maiki mbili ndogo za kubana kifuani, na zinazobaki ziwe nauli ya kwenda sokoni mwezi mzima mpaka wamzoee.

Fanya hivi: chukua skripti yako, na pembeni mwa kila tukio andika ni saa ngapi, mwanga unatoka wapi, nani anasema, nini kinakimbia, na wewe utasimama umbali gani. Ukimaliza kurasa zote utaona tatizo moja limejirudia. Hilo ndilo la kununulia kifaa. Wengi wakifanya zoezi hili wanakuta wanachohitaji ni maiki, shuka jeupe na betri ya akiba.

Simu inatosha kutengeneza filamu ya kweli?

Inatosha kwa filamu inayoendana na simu. Mwaka 2015 mwongozaji Mmarekani Sean Baker alionyesha Tangerine kwenye tamasha la Sundance, filamu iliyoshutiwa kwa iPhone 5s tatu mitaani Los Angeles. Watu huitaja kama uthibitisho kwamba kamera haina maana, na mimi siisomi hivyo. Hadithi yake kwa sehemu kubwa ilikuwa ya mchana, ya barabarani, ya watu wanaotembea kwa hasira kutoka kona hadi kona, na simu ndiyo kamera inayoweza kukimbia nao bila barabara kusimama. Juu ya hapo walifunga lenzi ya nyongeza ya kupanua picha, wakatumia programu ya kudhibiti kamera na kifaa cha kuituliza, na sauti wakairekodi kando kwa vifaa vya kazi. Simu ilichaguliwa kwa kufaa, kisha ikasaidiwa pale ilipopungukiwa.

Simu inapungukiwa wapi? Sensa yake ni ndogo, hivyo usiku inahangaika. Karibu kila kitu kinakuwa kwenye fokasi kwa pamoja, kwa hiyo huwezi kumtenga mtu na ukuta ulio nyuma yake ila kwa ukungu unaobandikwa na programu, na ukungu huo hukosea kwenye nywele na kwenye pindo za mtandio. Kuvuta karibu kwa vidole, kwa simu nyingi, ni kukata picha tu, tembea, usivute. Na kuna ugonjwa usiotangazwa: simu nyingi hubadilisha zenyewe idadi ya fremu (picha mojamoja zinazounda video) kwa sekunde kadiri mwanga unavyobadilika, halafu kwenye kuhariri sauti na midomo vinaachana taratibu. Tumia programu inayofunga fremu, mwanga na rangi. Blackmagic Camera ni ya bure, ilitoka kwa iPhone mwaka 2023 na kwa Android mwaka 2024. Kama simu yako haiikubali, bonyeza na ushikilie uso wa mtu kwenye kioo mpaka mwanga na fokasi vifungwe.

Kwa nini sura zetu zinatoka nyeusi tii, hata kwa kamera mpya?

Hili ndilo swali ninalolijali kuliko yote, na jibu lake lina historia.

Filamu za rangi za karne iliyopita, ile mikanda ya kupigia picha, zilitengenezwa na kupimwa kwa ngozi nyeupe. Maabara zilipelekewa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi za Shirley zilivyoitwa kwa jina la mfanyakazi wa Kodak, kampuni iliyotengeneza filamu hizo, aliyepigwa picha ya mwanzo, na fundi alirekebisha rangi mpaka ngozi ya mwanamke yule ikae sawa. Ngozi nyeusi ikipita hapo ilibaki doa lenye macho na meno. Msukumo mkubwa wa kurekebisha kasoro hiyo ulitoka kwa kampuni za samani na chokoleti, zilizolalamika kwamba mbao zao na chokoleti zao hazitofautishwi kwenye matangazo. Mbao zilisikilizwa kabla ya watu. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye.

Sensa za leo zinaona vivuli vizuri mno kuliko filamu zile. Kilichobaki ni akili ya kujipima ya kamera. Kamera ikiwa kwenye otomatiki hutafuta wastani wa kijivu cha kati kwa picha nzima. Mweke shangazi yako ufukweni Msimbati, mchanga mweupe chini na anga nyuma: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na shangazi anazama gizani. Mweke bibi harusi mwenye shela mbele ya pazia jeupe, mambo ni yaleyale. Kamera inafanya hesabu yake, na hesabu hiyo haimjui shangazi.

Kwa hiyo pima uso, sio picha. Funga mwanga kwenye shavu, kubali anga iungue kidogo, yaani iwe nyeupe tupu, kama hakuna njia nyingine, au bora zaidi mgeuze mtu mpaka anga iwe mbele yake. Kisha kumbuka kwamba ngozi nyeusi huonekana kwa mng'ao wake. Uso mweusi ukipigwa taa kali ya mbele unakuwa bapa. Ukiangaziwa na kitu kikubwa cheupe kutoka ubavuni, kama mlango uliofunguliwa, shuka, au ukuta uliopakwa chokaa, mng'ao mrefu unapita kwenye paji, pua na taya, na sura inapata umbo. Poda inayokausha ngozi inaua mng'ao huo. Mimi hubeba chupa ndogo ya mafuta ya nazi kwenye begi la lenzi. Inanifaa kuliko vifaa vingine vingi nilivyowahi kununua.

Tunashuti shamba la korosho mchana. Chini ya mkorosho giza, nje kunaungua. Tufanyeje?

Mkorosho una kivuli kizito, matawi yanashuka karibu na ardhi, na ukisimama ndani yake ukatazama nje unaona mwanga mara nyingi zaidi ya ule ulionao. Jicho linazoea, kamera haizoei. Uwezo wa kamera kushika giza na mwanga katika fremu moja hupimwa kwa stopu, na kila stopu ni mwanga mara mbili. Alexa, kamera ya sinema ya kampuni ya ARRI iliyotoka mwaka 2010, ilipendwa na wapiga picha wa sinema zaidi kwa sababu hii: takriban stopu 14, na sehemu za mwanga mkali zikififia taratibu kama kwenye filamu ya zamani badala ya kukatika ghafla. Hapa teknolojia imejibu hitaji halisi.

Sisi hatuna Alexa. Tuna saa. Msimu wa korosho hushika kasi Oktoba, na karibu na tarehe 20 Oktoba jua la saa 6 mchana linapita utosini kabisa hapa Mtwara, kama linavyofanya tena karibu na tarehe 20 Februari. Wakati huo nyusi zinatupa kivuli juu ya macho na hakuna kamera itakayokurudishia macho yale. Shuti kati ya saa 12 na nusu na saa 3 asubuhi, pumzika mpaka saa 10 jioni, kisha endelea mpaka jua lizame muda mfupi baada ya saa 12. Baada ya hapo una kama dakika 20 za mwanga laini, kwa maana huku kwetu usiku hauchelewi. Wazee wa shamba hufanya hivyohivyo: kuokota korosho ni kazi ya asubuhi, mchana ni kukaa kivulini.

Ikibidi saa 6 mchana, mtoe mtu kwenye kiini cha kivuli umsogeze ukingoni, umwekee turubai jeupe miguuni limrudishie mwanga, na nyuma yake pawe shina au majani mengine badala ya uwazi. Angalia pia rangi: mwanga unaopita kwenye majani una ukijani, na ngozi inaonekana ya mgonjwa. Turubai jeupe linatibu na hilo.

Naweza kushuti usiku kwa kibatari au taa ya wavuvi, bila jenereta?

Leo unaweza, na hapa ndipo nisipobishana na mtu anayesifu kamera mpya.

Mwongozaji Stanley Kubrick alipotaka vyumba vya karne ya 18 viangazwe kwa mishumaa tu katika Barry Lyndon, iliyotoka mwaka 1975, ilibidi atumie lenzi za Zeiss za milimita 50 zenye tundu la f/0.7, zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA, shirika la anga la Marekani, na kamera ichongwe upya ili lenzi ziingie. Mkanda wake wa filamu ulikuwa wa ASA 100 (ASA, ambayo leo tunaiita ISO, ni kipimo cha wepesi wa kuona mwanga), akausukuma maabara kama vile ni 200. Kwa tundu pana kiasi kile, eneo lililo kwenye fokasi ni jembamba mno. Mwigizaji akiinamia mbele kidogo amepotea. Ndiyo maana watu katika matukio yale wanakaa kimya, wanageuza shingo polepole. Kifaa kiliamuru uigizaji, na mwongozaji akawa mjanja wa kukifanya kimtumikie.

Sasa fanya hesabu. Kamera kama Sony FX3, ya mwaka 2021, inafanya kazi vizuri kwenye ISO 12,800. Kutoka 200 hadi hapo ni kuzidisha kwa 2 mara sita, yaani mwanga mara 64. Lenzi ya kawaida ya f/2.8 inapitisha mwanga mara 16 pungufu ya ile ya f/0.7. Bado unabaki na ziada ya mara nne, na mwigizaji wako anaweza kusimama, kucheka na kugombana.

Maana yake kwetu ni kubwa. Hadithi nyingi za huku hutokea usiku: ngano, mkesha, wavuvi wa dagaa na taa zao baharini, mazungumzo ya kina baba baada ya isha. Zamani ukitaka kuzishuti ulileta jenereta na taa mbili kubwa, mbu wote wa kitongoji wakafuata, na msimulizi akawa anasimulia kwa sauti ya kushindana na injini. Hadithi ilikufa kabla hujabonyeza kitufe. Kamera ya namna hii ukiikodi kwa usiku mmoja imelipa.

Ila usiache giza litoweke. Nimeona vijana wakipandisha ISO mpaka usiku wa Lindi unafanana na saa 11 jioni yenye mawingu. Taa ya wavuvi inavutia kwa sababu pembeni yake hakuna kitu. Acha weusi uwe mweusi, uso upate mwanga nusu.

4K au Full HD?

Full HD ina pikseli 1920 kwa 1080, kama milioni 2. 4K ya kawaida ni 3840 kwa 2160, kama milioni 8.3, mara nne yake. Faida ya 4K kwa mtu mwenye kamera moja ni kwamba unaweza kushuti picha pana ya mahojiano, kisha ukaikata kwenye kuhariri ukapata ya karibu, kama vile ulikuwa na kamera mbili. Hasara ni mzigo: kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inakula gigabaiti 45. Siku tatu za kazi Ruangwa, na nakala mbili za kila kadi kama ipasavyo, umeshajaza diski. Filamu yako wengi wataiona kwenye simu, kwenye kibanda umiza, au kwenye flashi iliyochomekwa kwenye televisheni ya nyumbani. Full HD yenye fokasi safi na mwanga uliopangwa itawatosha. Tukio la kukatwa shuti kwa 4K, mengine acha.

Fremu ngapi kwa sekunde?

25, na kasi ya shata 1/50, yaani kila fremu ipokee mwanga kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za ndani hupepesa kufuata umeme huo. Ukishuti kwa 30 na shata ya 1/60 utaona mistari ikipanda ukutani. Usiharibu usingizi kwa ubishi wa 24 na 25.

Kamera kuwa ndogo kumebadilisha nini hasa katika hadithi zenyewe?

Kumebadilisha nani anakaa mbele ya kamera na nani anakaa nyuma yake. Tangu ndugu Lumière, waanzilishi wa sinema, waonyeshe filamu zao Paris tarehe 28 Desemba 1895, kwa miongo mingi mtu aliifuata kamera: alikwenda studio, akasimama alipochorewa chaki. Ndani ya karne ya 20 kamera ikaanza kumfuata mtu. Jean Rouch, mtengeneza filamu Mfaransa aliyeshuti sana Niger, alipoteza stendi yake mtoni katika safari yake ya mwanzo miaka ya 1940, akalazimika kushika kamera mkononi. Kamera yenyewe ilikuwa ya kujaza kwa ufunguo kama saa ya mezani, na kila picha haikuzidi nusu dakika. Kutokana na mkosi huo akajifunza kutembea kati ya watu na kamera begani. Miaka ya 1960 zilipokuja kamera za mkanda wa milimita 16 zenye ukimya na rekoda za sauti za kubebeka, alikuwa tayari anajua la kuzifanyia. Hitaji lilitangulia, kifaa kikalikuta njiani.

Na hapa jirani zetu wana la kutufunza. Ukisimama Newala pale Shimo la Mungu ukatazama Ruvuma, ng'ambo ni Msumbiji. Nchi ile baada ya uhuru wa mwaka 1975 iliunda taasisi ya taifa ya sinema, ikatengeneza habari za picha zilizoitwa Kuxa Kanema, na magari yakazunguka vijijini kuwaonyesha watu sura zao wenyewe. Mwaka 1978 Rouch huyohuyo alikwenda Maputo kufundisha kwa kamera za Super 8, kamera ndogo za kushuti familia. Katika mazungumzo ya wakati ule swali kubwa lilikuwa hili: mwanakijiji anaweza kujishuti mwenyewe, akaangalia kesho yake, akasema ndivyo tulivyo au sivyo? Sisi leo tuna simu inayofanya hayo bila maabara, na mara nyingi tunaitumia kuiga vipande vya watu wa mbali. Inaniuma kusema, lakini ndivyo ninavyoona kwenye kazi ninazoletewa.

Ngoma ya sindimba tuishuti kwa mwendo wa polepole?

Napenda usifanye hivyo. Fremu 100 kwa sekunde zikichezwa kwa 25 zinarefusha tendo mara nne, na sindimba ni ngoma ya kasi: viuno na vigoma vinajibizana kwa mkupuo mmoja. Ukiirefusha umeondoa ngoma ukabakiza viungo, na sauti lazima uitupe. Tena shata ikiwa 1/200 unahitaji mwanga mara nne. Mimi huruhusu polepole kwa kitu kimoja tu, vumbi linaporuka kisigino kikigonga ardhi, sekunde chache, kisha narudi kwenye mapigo. Zaidi ya hapo simama sehemu moja ambapo miguu na wapigaji wanaonekana pamoja, na usikate kwa dakika mbili. Mtazamaji ataanza kuyumba mwenyewe.

Mapiko nayo, wale wachezaji wa vinyago, shuti kutoka usawa wa macho ya mtoto. Kinyago kinachotazamwa kutoka juu kinapoteza ukali wake.

Ninunue gimbali, ule mpini wa mota unaotuliza kamera?

Kama watu wako wanatembea na unataka tutembee nao, ndiyo. Kama wamekaa na wanazungumza, kamera inayoelea huwafanya waonekane wanasubiri jambo baya litokee. Stendi nzito ya miguu mitatu hudumu miaka mingi kuliko mota.

Na droni? Kila mtu ana picha ya droni.

Ndiyo sababu mojawapo ya kufikiri mara mbili. Droni ina maana pale ambapo umbo la mahali ndilo habari yenyewe: ghuba ya Mikindani inavyojikunja na mji wa kale uliokaa ukingoni, jabali la Masasi linaloota peke yake kutoka kwenye tambarare, Kilwa Kisiwani unapotaka kueleza kwa nini watu walijenga mji kisiwani. Kwa mazishi, kwa mama anayechota maji, kwa wapenzi wanaogombana, picha ya juu inamtoa mtazamaji kwenye tukio.

Halafu kuna sheria. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, inataka uwe na kibali kabla ya kurusha, na Mtwara ina uwanja wa ndege, bandari na mitambo ya gesi, maeneo ambayo hayana mzaha. Shughulikia vibali mapema, pamoja na kile cha Bodi ya Filamu cha kutengeneza filamu, na kwenye magofu ongea na wanaoyasimamia. Serikali ya mtaa wapigie hodi hata kama karatasi zako zimekamilika. Ni adabu, na mwenyekiti ndiye atakayetuliza watoto wasipite mbele ya kamera.

Mbona huzungumzi sauti?

Nazungumza sasa. Mtazamaji atavumilia picha yenye chenga, maneno yasiyosikika hatayavumilia. Kusi likivuma ufukweni, maiki ya kamera inarekodi upepo tu. Vika maiki kofia ya manyoya, au ibane ndani ya nguo. Zima friji, na kumbuka kuiwasha. Mwisho wa kila tukio rekodi dakika moja ya ukimya wa mahali pale.

Nasikia: "Shuti kwa logi, rangi tutarekebisha baadaye." Ni kweli?

Logi ni namna ya kuibana picha ili ihifadhi giza na mwanga kwa pamoja, ndiyo maana inaonekana imepauka. Inafaa kama kamera yako inarekodi biti 10, yaani ngazi 1,024 kwa kila rangi. Biti 8 ina ngazi 256, na ukiivuta anga la jioni linagawanyika mistari kama ngazi za mnara. Kwa biti 8 pata rangi yako palepale. Na hata kwa biti 10, mwanga uliokaa upande usiofaa wa uso hakuna programu inayouhamisha.

Hewa ya bahari inaharibu kamera?

Inaharibu, na kwa ukimya. Chumvi hula viunganishi, unyevu huotesha ukungu ndani ya lenzi kama utando wa buibui. Futa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi kila utokapo ufukweni, kisha kikavu. Hifadhi lenzi kwenye chombo cha plastiki kinachofunga barabara, pamoja na vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu, na uvibadilishe. Usiziache kabatini mwezi mzima masika. Zitoe, uzipige mwanga. Niliwahi kupoteza lenzi niliyoidunduliza miaka miwili kwa kuiacha kwenye begi lenye unyevu kuanzia Januari mpaka Machi.

Nikodi au ninunue?

Kodi mwili wa kamera, nunua lenzi, maiki na stendi. Miili hupitwa kila baada ya miaka michache, lenzi nzuri hukaa. Ukikodi kutoka Dar, hesabu siku za kwenda na kurudi, ijaribu nusu saa kabla hujaondoka dukani, na rekodi kasoro zake kwa simu mbele ya mwenye nayo. Nilishawahi kufika Liwale na kamera ambayo tundu la kadi lilikuwa limepinda. Tulishuti harusi nzima kwa simu ya mpambaji, na ndugu wa bwana harusi wana haki ya kuninunia mpaka leo.

Kamera ndogo inaniwezesha kurekodi unyago bila watu kujua. Nifanye?

Hapana. Unyago na jando vina mambo ya waliomo ndani, kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua vilevile, na udogo wa kamera haukupi ruhusa ambayo mila haikukupa. Nenda kwa nyakanga, kungwi mkuu, au kwa mzee wa mji, mweleze filamu yako, uliza kipi kinaonyeshwa. Kuna sherehe za nje, kuna sinia za wali, kuna nyimbo za kuwapokea wari, kuna mama anayemsubiri mwanawe na hajui asimame wapi. Uso wa mama huyo una filamu nzima.

Nina Canon 5D Mark II ya mjomba. Imepitwa?

Kamera hiyo ya mwaka 2008 ndiyo iliyowapa wapiga picha wa harusi duniani kote sensa kubwa ya video kwa bei ambayo awali haikuwezekana. Ina kasoro zake: kila kipande cha video kinakatika kwenye gigabaiti 4, kama dakika 12, na ukiigeuza haraka nguzo kwenye picha zinaonekana zimelala. Angalia kama programu yake imesasishwa, kwa sababu mwanzoni ilirekodi fremu 30 peke yake na uwezo wa 24 na 25 uliongezwa mwaka 2010. Weka 25, shata 1/50, ISO usipite 1,600, sauti irekodi kando. Dakika 12 kwa mzee anayesimulia zinatosha kabisa. Anapovuta pumzi na kuomba maji, ndipo unapobonyeza upya.